Jina Lililogeuka Kijani

Umewahi kujibiwa barua pepe na marehemu? Rafiki yangu, asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa, alijibiwa. Alikuwa akihakiki anwani za wafanyakazi kwenye mfumo wa kampuni: anatuma kiungo, mwenye anwani anabonyeza, jina linageuka kijani. Kwa uvivu alituma kwa wote, hata kwa mtunza masijala aliyeteketea ndani ya masijala mwezi uliopita. Jina likageuka kijani.

Akamwita meneja, yule aliyelia msibani kuwashinda wafiwa. Mfumo ulionyesha kiungo kimebonyezwa masijala; wakashuka huko, ambako umeme haujarudi tangu moto ule. Nyuma ya mlango uliofungwa, gizani, kitu kilibonyezwa: ta, ta, ta.

"Usifungue, dada," meneja alinong'ona. "Siku ile aligonga mlango kwa mdundo huohuo. Ufunguo nilikuwa nao mkononi, nikakimbia."