Cherehani ya Irine Inaumwa Tena

Kitambaa walichokigombania hakikutosha hata mfuko wa shati.

Ilikuwa siku ya soko, barazani kwa mafundi nguo wa Babati, cherehani zinalia kila upande na wateja wanasukumana wakidai nguo zao za Jumapili. Irine alikuwa amechuchumaa mbele ya kiroba cha mabaki ya vitenge. Sketi ndefu ya bluu, sweta la mtumba la rangi ya haradali, kichwani msuko wa twende kilioni wa jana yake, bado unabana. Aliona kipande cha manjano chenye ua jekundu. Alipokivuta, upande wa pili kilikuwa kimeshikwa na mkono uliojaa mafuta ya mashine.

"Kaka, hicho unakitakia nini?"

"Kufutia mafuta."

"Ua zima hilo ufutie mafuta? Kwenu hamjui maua?"

"Tunayajua. Ndiyo maana sikiachii, nangoja uongee tena."

Mafundi waliokuwa karibu waliguna kwa raha, mmoja akasimamisha cherehani yake ili asikie vizuri. Mwenye mkono wa mafuta aliitwa Venance. Kazi yake haikuwa kushona, ilikuwa kutengeneza cherehani za wanaoshona. Mwembamba, shati la drafti, bisibisi nyuma ya sikio. Alikiachia kile kipande, akauliza takataka zote zile zinaenda wapi.

Irine akamweleza kwamba anashona mablanketi ya viraka. Juu vipande vya vitenge, katikati blanketi kuukuu la mtumba, chini shuka, halafu anapitisha mishono mirefu inayoshika tabaka zote tatu. Baridi ya Juni ikishuka kutoka mlima Kwaraa, mtaa wao wote wa Maisaka unamtafuta. Shida ni cherehani aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kwenye kitambaa chembamba inaenda, ikifika penye unene inaruka, inaacha mshono.

"Hiyo inataka kuonwa nyumbani," alisema Venance, akauliza nyumbani ni wapi kabla hajauliza jina.

Kufika nyumbani kwao lakini kulikuwa na masharti. Mama Irine alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti inayosikika mpaka nyumba ya tatu. Vijana waliokuja kumtembelea binti yake aliwapokea nje, akaitikia shikamoo zao na kuwarudisha walikotoka kabla hawajaona kiti. Ila fundi ni fundi. Fundi hupewa kiti, hupewa chai, na mlango wa sebule unaachwa wazi.

Venance akakaa. Alifungua bati la chini ya sindano, akachokonoa kwa mswaki wa zamani na kutoa donge la manyoya ya blanketi kubwa kama panya. Irine alicheka mpaka akaona aibu. Akafundishwa: kila ukimaliza blanketi, safisha meno haya yanayosukuma kitambaa. Tone la mafuta hapa na hapa, halafu shona kitambaa kibovu kwanza ili mafuta yasichafue kazi. Sindano ikichoka ibadilishe, usingoje ivunjike, na kwa unene huu weka nene, si ile ya magauni. Irine alishika yote haraka. Akauliza na kile kifuniko cha mbele, juu ya sindano, kinafunguliwaje.

"Hapo usiguse kabisa, mrembo. Ukifungua hapo utaharibu mpangilio wote."

Nyuma ya kifuniko hicho kuna skrubu inayoshika mti wa sindano. Ikilegea, mti unapanda kidogo kidogo kwa mtikisiko, sindano haifiki inapotakiwa kukutana na ndoano ya chini, na penye unene uzi haushikwi. Ugonjwa wote ulikuwa huo. Venance aliurudisha mti mahali pake, akaweka bisibisi kwenye skrubu. Jikoni Irine alikuwa anacheka na mama yake, anamwambia fundi anakunywa chai kama mtu aliyetoka kulima. Venance akasikiliza kile kicheko. Akaikaza nusu.

Cherehani ikaenda vizuri, blanketi likaisha, na katikati ya blanketi lililofuata ikaanza tena kuruka. Irine akapiga simu.

"Fundi, mgonjwa wako amezidiwa."

"Mgonjwa yupi, cherehani au mwenye cherehani?"

"Mwenye cherehani mzima."

"Basi sina haraka."

"Venance."

"Nimeshavaa viatu, mama."

Ndivyo yalivyoanza. Alikuja, akakaza nusu, akanywa chai, akaenda. Kwenye kiroba chake akawa anamletea vipande vya vitenge alivyovichagua mwenyewe, vimefuliwa na kupigwa pasi. Simu za mchana zikawa ndefu mpaka wanamsahau aliyepiga. Irine alianza kupaka mafuta ya nazi mikononi siku ambazo cherehani inaumwa, na Jumapili walitoka kanisani kila mmoja na njia yake wakakutana mbele, kwenye chipsi mayai. Hata Mama Irine alianza kumwekea Venance kipande cha nyama pembeni, huku akilalamika kwamba mafundi wa siku hizi hawamalizi kazi.

Venance alijiambia mara nyingi kwamba safari hii ataikaza mpaka mwisho. Ila aliwaona vijana wawili, mmoja mwalimu kabisa, wakirudishwa pale nje mbele ya macho yake huku yeye amekaa sebuleni na kikombe. Bila ugonjwa wa cherehani angekuwa wa tatu. Kwa hiyo alinyamaza. Alimwambia mtu mmoja tu, rafiki yake Sele wa bodaboda pale stendi, tena kwa kucheka. Na Sele habari haimkai tumboni.

Mwezi wa saba shangazi yake Irine akaleta kazi ya heshima. Binti yake Brigita alikuwa anaolewa, na kwenye send-off, sherehe ya kumwaga binti, mama na ndugu zake wa kike ndio wanaomfunika blanketi: shangazi na wenzake wanalishika pembe nne, wanalicheza ukumbini, wanalivuta huku na huku, kisha wanamfunika bibi harusi aende kwake na joto la kwao. Mwaka huo shangazi hakutaka blanketi la dukani. Alitaka la Irine, na aliwaambia watu wote kwamba ni la Irine.

Irine alilishona kama anayejishonea mwenyewe. Alipofika kwenye mishono mirefu ya mwisho, cherehani ikaanza. Akapiga simu. Venance alikuwa Dareda, anatengeneza mashine za watu, na basi la kurudi ni kesho.

"Inaruka, Vena. Nisimamishe?"

Hapo angeweza kumwambia: fungua kifuniko, shusha mti wa sindano, kaza skrubu ile ya katikati. Bisibisi ilikuwa kwenye droo ya mashine. Irine angekaza mwenyewe, na kuanzia siku hiyo asingemhitaji fundi.

"Ni uzi tu huo, mpenzi," alisema. "Endelea, utashika mbele ya safari."

"Una uhakika?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Akaendelea. Kwa juu mshono ulionekana umekaa.

Ukumbini shangazi alikuwa amevaa kitenge cha zambarau na kilemba kinachogusa mapambo. Muziki ukapanda, blanketi likaingia linang'aa, watu wakasimama na simu zao. Shangazi na wenzake wakalivuta kwenda kulia, wakalivuta kwenda kushoto. Mara ya tatu, juu ya bibi harusi, likatoa sauti ndogo, trrr, na mshono mzima wa katikati ukafunguka. Vitenge na shuka vikabaki mikononi mwao, na lile blanketi kuukuu la katikati, la kijivu, lenye mchoro wa pasi iliyoliunguza, likaanguka juu ya kichwa cha bibi harusi.

Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti na hakuwa na huruma. Alisema bibi harusi amepewa la mchana na la usiku, achague. Ukumbi ukalipuka. Brigita alilia, rangi za machoni zikashuka mpaka shingoni. Shangazi alimfuata Irine mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini, na ile ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele:

"Kaka yangu alikuwa na mikono. Sijui yako umeitoa wapi."

Baada ya hapo waliokuwa wameagiza mablanketi wakaanza kupitia kuchukua vitambaa vyao, kila mmoja na udhuru wake. Irine hakumlaumu mtu. Alimlilia Venance kwenye simu, akamwomba msamaha kwa kumsumbua kila mara na mashine mbovu. Venance alisema pole, pole sana mpenzi. Zaidi ya pole hakusema.

Ukweli aliupata saluni kwa Natalia, kichwa kikiwa kimesukwa nusu. Natalia alikuwa anajaribu kumchangamsha.

"Usilie, mwaya. Wewe angalau una mwanaume anayekupenda mpaka anaiumiza mashine. Pale stendi wakimwona anapanda pikipiki ya Sele wanasema, cherehani ya Irine inaumwa tena. Skrubu anaiacha nusu makusudi, ili aje." Akacheka. "Wangu hata balbu ilegee, haji."

Akina mama waliokuwa kwenye mabenchi walicheka pia, kisha wakaona uso wa Irine, wakaanza kutazama kucha zao.

"Mlikuwa mnajua?"

Natalia akasimamisha mikono. "Tulidhani unajua. Tulidhani ndiyo mchezo wenu."

Irine alisimama na nusu kichwa cha nywele. Alikwenda nyumbani, akafungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakifunga kwa khanga, akakipakia kwenye bajaji mpaka barazani kwa mafundi. Venance alipomwona akaanza kutabasamu. Halafu akaona nywele.

Irine aliweka kichwa cha cherehani juu ya meza ya Venance.

"Kaza," alisema.

"Irine, tukae pembeni tuo…"

"Hapo ulipokuwa unakaza nusu. Kaza yote, nione."

Cherehani zote zilisimama, mguu hata mmoja haukukanyaga. Venance alifungua kifuniko. Akaushusha mti wa sindano, bisibisi ikateleza mara moja. Kisha akazungusha, na ikawa imeisha. Mtu anayepiga chafya angekosa kuona.

"Basi?"

"Basi."

"Kwa hiki tu watu wamenicheka Babati nzima."

"Mama yako asingenifungulia mlango. Nilikuwa natafuta njia ya kukaa na wewe."

"Nilikuuliza kwenye simu. Nilikuuliza, una uhakika?"

Irine alifunga khanga yake, akainua mzigo, akakataa kusaidiwa.

Simu zilizofuata hazikupokelewa. Meseji zilisomwa, hazikujibiwa. Mwishowe Venance alifanya ambalo lilitakiwa kufanywa mwanzo: alimtuma Mzee Theodori, jirani yake wa Nangara, awe mshenga. Mama Irine alishangaa Irine aliposema waje. Mtaa ukasema mtoto amesamehe. Natalia alianza kuuliza kitenge cha sare.

Siku ya posa sebule ilijaa. Baba mdogo Damasi kwenye kiti kikubwa, shangazi pembeni yake na uso wa kesi, wageni upande wa dirishani. Venance alivaa koti la kijivu, macho kwenye viatu. Muoaji hasemi, mshenga ndiye mdomo wake. Mzee Theodori alisema vizuri, akasifia nyumba, akasema wameona jiko wakalipenda. Ndipo Irine akaitwa. Aliingia na gauni la kijani la mikono mirefu, akapiga goti, akasalimia shikamoo zote.

Baba mdogo Damasi akauliza lile linaloulizwa. Binti akisema ndiyo, mazungumzo yanaanza.

"Mwanangu, wageni hawa unawafahamu?"

"Mzee Theodori namfahamu. Huyu aliyekaa karibu naye nilidhani namfahamu, baba. Simfahamu."

Mama Irine alishika kifua. Mzee Theodori akatafuta fimbo yake. Wageni walikuwa wameshaanza kuinuka, ndipo Venance akasimama na kuvunja mila mbele ya wazee wote.

"Naomba niseme, wazee. Blanketi la Brigita halikuharibiwa na Irine. Niliiacha cherehani yake mbovu kusudi ili niwe naitwa hapa. Siku ile alinipigia, nikamwambia aendelee, nami nikijua litafumuka. Mikono yake haina kosa. Shangazi, lililomwaibisha mwanao ni langu."

Kuku alipita mlangoni, akatazama, akaondoka.

Shangazi alimgeukia Irine polepole. "Na mimi nilikusema vibaya, nikakutajia na baba yako."

"Ulinisema, shangazi."

"Nisamehe, mama." Akamgeukia Venance. "Wewe bado sijajua nikufanye nini."

Baba mdogo Damasi akakohoa, akauliza mara ya pili. Irine alimtazama Venance muda mrefu, koti lile la kuazima, jasho linavyoshuka sikioni.

"Leo ndiyo nimemwona," alisema. "Kumfahamu bado. Wageni wapewe chakula na soda, ila posa waondoke nayo."

Wakala pilau, wakaondoka na posa yao. Mama Irine aliwasindikiza mpaka nje kama alivyowasindikiza wengine, ila huyu alimpa mkono.

Hawajafika barabarani simu ya Irine ikaita. Aliitazama mpaka ikakata. Ikaita tena. Wapangaji wa nyumba ya jirani walikuwa wametega masikio ukutani, shangazi ameacha kutafuna, Natalia, ambaye hakualikwa, yuko dirishani. Irine aliichukua, akaenda nayo uani, akaweka sikioni bila kusema haloo.

"Irine? Umepokea?"

"Niambie kitu kimoja," alisema, "ambacho stendi nzima haijakisikia."

Venance alivuta pumzi, akaanza. Irine akasukuma mlango wa uani kwa kisigino, ukafunga.