Tatu Zaidi ya Mbili

Sebule yetu ni saluni. Mama anasuka, dada anamsaidia. Mimi nafagia nywele na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Kwa kuwa nilimaliza sekondari, wananiita Profesa.

Dada alitafuta kazi miaka miwili. Hatimaye kampuni moja ikamwita kwenye usaili: ataongea kwa video huku akichapa majibu kwenye kompyuta.

Tukaenda kununua kompyuta iliyotumika. Zilikuwepo mbili, umri mmoja, bei moja. Prosesa ya kwanza, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa na kasi ya gigahezi tatu, kiini kimoja. Ya pili kasi ya gigahezi mbili, viini viwili.

"Chukua yenye kasi ya tatu," nikamwambia. "Tatu si zaidi ya mbili? Hata gemu zitakimbia."

Akanisikiliza.

Siku ya usaili, video ilifunguka vizuri. Alipoanza kuchapa, sura ya msimamizi wa usaili ikaganda, mdomo wazi. Herufi nazo zikagoma. Baada ya dakika kumi msimamizi akakata. Nafasi akapewa mwingine.

Jumamosi jirani yetu, mwanamke fundi wa kompyuta, alikuja kusukwa. Mama akamsimulia yote.

"Mama, mikono yako ni myepesi," fundi akasema. "Lakini wakija wateja wawili na uko peke yako?"

"Mistari miwili huku, miwili kule. Wote watachelewa."

"Hicho ndicho kiini kimoja, hata kiwe na kasi vipi. Viini viwili ni wewe na binti yako. Kila mmoja na kichwa chake."

"Na gemu?" nikauliza.

Mama alinitazama, nikatamani kuwa ufagio.

"Gemu nyingi za zamani ni kama kunyoa upara," fundi akajibu. "Kinyozi wa pili hana pa kushika, kwa hiyo kasi ndiyo muhimu. Nyingi za sasa ni kama kusuka: wawili wanagawana kichwa. Usisome namba moja, Profesa. Uliza viini vingapi, kasi gani, na kazi gani."

"Ungekuja wiki iliyopita, shoga," dada akasema polepole.

Muuzaji alikubali kutubadilishia. Jioni dada akawasha video, akachapa ukurasa mzima. Hakuna kilichokwama.

"Inaenda vizuri," nikasema.

"Naona."

Kwenye video ilikuwepo sura yake tu.