Moduli Mbili za Buluu

Kila asubuhi Maryamu hufagia kibaraza cha duka lake la Wawi, Pemba, kisha huwasha kompyuta nne. Vijana huja hapo kujaza fomu za vyuo. Mtandao huingia kwanza nyumbani kwake, kando ya barabara kuu, kisha hufuata waya wa faiba kilomita moja hadi dukani. Kila upande una swichi, kisanduku kinachogawa mtandao, na kila swichi ina moduli, kidude cha chuma kama kidole kinachotuma na kupokea mwanga.

Siku moja radi iliunguza moduli zote mbili. Suud, mumewe, akaenda Unguja kununua nyengine, akarudi asubuhi moja na mbili za buluu. Zilichomekwa, zikaingia barabara, lakini taa ya swichi haikuwaka.

Fomu zilikuwa zinafungwa alasiri ile. Mwanakhamis wa Pujini alikaa benchini na bahasha yake ya vyeti. Alitaka kusomea ukunga, na Maryamu alikuwa amemwahidi kuwa fomu itaondoka. Sasa aliona haya hata kumtazama.

“Mpeleke duka la mtandao la Chake mjini,” Suud alisema.

“Chake kumejaa tokea alfajiri.”

Maryamu akampigia simu Bi Asma, fundi wa mitandao. Alifika kwa bodaboda, akazikagua zile moduli.

“Ulimwambiaje muuzaji, Suud?”

“Nilimpa jina la swichi, kasi na umbali.”

“Hapo ulipatia. Swichi nyengine huikataa moduli isiyotengenezewa hiyo swichi. Kisha?”

“Nikamwambia zifanane, kama doti ya kanga.”

“Ndipo ulipoteleza. Faiba yenu ni ya uzi mmoja, mwanga huenda na kurudi humo humo. Soma hapa, hizi ni namba za aina ya mwanga. Hii hutuma 1310, hupokea 1550. Na ile vivyo hivyo. Kila moja yatuma mwanga ambao mwenziwe haupokei. Moja lazima iwe kinyume: itume 1550, ipokee 1310. Usitegemee rangi ya moduli, mie husoma namba.”

Mkobani mwake alikuwa nayo ya kinyume, ya swichi kama zao. Suud akaikimbiza nyumbani, akaichomeka. Dukani taa ikawaka kijani. Fomu ya Mwanakhamis iliondoka kabla ya adhana ya alasiri, na Maryamu akashusha pumzi.

Ile ya buluu iliyozidi waliiweka akiba, na namba zake wakazibandika ukutani.

Mwanakhamis alipokwisha kuanza chuo, sikukuu ilikaribia. Maryamu akamtuma mumewe kanga. Suud alisimama mlangoni.

“Hizi zifanane,” aliuliza, “au ziwe kinyume?”