Nakala ya Herufi Kubwa

Mwizi gani huacha nakala sita za hotuba ya bajeti mezani, akachukua ile moja nene kama tofali? Swali hilo lilimkera mpelelezi tangu saa mbili na robo asubuhi, alipofika kwa Waziri wa Uchumi akihema, maana lifti ilikuwa mbovu na ofisi iko ghorofa ya nne. Bunge lingeanza saa nne.

Waziri alipotoka chumba cha ndani, wote walisimama, isipokuwa mkewe.

"Magoti," mkewe alilalamika kutoka kochini.

"Afande, tunapoteza muda!" naibu waziri alifoka. "Nakala si hizo hapo? Mheshimiwa, shika moja, twende zetu!"

Waziri aliipokea, akaiweka chini bila kuifunua.

Mpelelezi alimvuta katibu muhtasi kando. "Iliyopotea ina nini?"

"Herufi kubwa," alinong'ona. "Mzee haoni vizuri. Tunaojua ni mimi na mama tu. Naichapa upya, lakini printa nayo imenigomea!"

Mpelelezi alishusha pumzi. Naibu hakujua kwamba zile sita hazimfai bosi wake. Katibu naye asingeiba kitu, kisha ahangaike kukichapa tena. Akarudi kochini.

"Mama, simama tafadhali."

"Nimeshasema, magoti..."

"Haya haya yaliyopanda ngazi za ghorofa nne leo asubuhi?"

Mama alisimama. Bahasha nene yenye hotuba ilikuwa pale alipokuwa amekalia.

"Mke wangu! Wewe?"

"Mimi! Nimechoka! Tangu ukiwa karani wa takwimu mpaka uwaziri, nchi nzima unaijali, mwili wako huujali. Upasuaji umeuahirisha mara tatu. Daktari amesema ni leo saa sita, la sivyo macho ndiyo basi. Nilijua bila hii hutasoma. Jana ulimwita mlinzi 'mpenzi' ukidhani ni mimi!"

Mlinzi mlangoni alikohoa, akatazama dari.

"Ungeniambia," waziri alisema.

"Nimekuambia mwaka mzima!"

Waziri alipapasa meza, akaokota nakala ya herufi ndogo na kumnyooshea naibu, akikosea kidogo mahali mkono wa naibu ulipokuwa.

"Utasoma wewe. Nitasimama kwanza niliambie Bunge kwamba sioni. Baada ya hapo ninakwenda hospitali na mke wangu, na hakuna mtu wa kunirudisha."