Mkono Uliokataa Kufunga Wimbo

Tulieni, ndugu zangu. Mliosimama mlangoni, ingieni. Mwenye mtoto na ampakate. Ninalowaambia halikumpata mpagani. Lilinipata mimi, mwalimu wa kwaya, nikiwa na dawa mfukoni.

Jioni ile mke wangu alibanwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Mama mkwe akanisindikiza hadi kizingitini.

"Baba, dawa iko kwa mfamasia. Haiko kwenye sauti ya nne ya kwaya yako."

Mke wangu akacheka kwa shida. "Mwache, mama. Zamani alikuwa akiimba huku anarudi nyumbani. Siku hizi anaimba, harudi."

Dawa niliinunua. Nilikuwa narudi nayo mbio, nikakumbuka kwamba madirisha ya ukumbi wa mazoezi yako wazi. Nifunge tu, nikasema moyoni. Dakika moja.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Palinuka mishumaa iliyotoka kuzimwa, ingawa sisi hatuwashi mishumaa.

Kisha nikaisikia...

Sauti ya nne. Besi niliyoitafuta miaka saba, na kwa ajili yake nikawafukuza kwayani wazee wanyofu wa moyo. Ilitoka benchi la nyuma, nzito, safi, bila kinywa.

"Tena," ikanong'ona. "Mara moja tu, Mwalimu."

Nikainua mkono.

Sauti zote nne zikaingia. Sijapata kusikia uzuri wa namna ile. Tukafika mwisho, kwenye noti ndefu. Desturi yetu mnaijua: mkono wa mwalimu ukiwa wazi, hakuna avutaye pumzi, akifunga ngumi, wimbo umekwisha.

Nikauacha wazi. Kidogo tu. Kidogo tena.

Hakuna aliyevuta pumzi.

Madirisha yakawa meusi. Nikataka kufunga ngumi, vidole vikakataa. Ndipo, katikati ya ule uzuri, nikasikia mluzi mwembamba, uliokwaruza... Niliujua. Nimelala kando yake miaka kumi na miwili.

Kilikuwa kifua cha mke wangu, kikiimba benchi la mbele.

"Usifunge," zikanong'ona sauti zote. "Bado haujakamilika."

Nikavishika vidole kwa mkono wa kushoto, nikavikunja kimoja kimoja. Cha mwisho kikalia kama kijiti kikavu.

Kimya.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe sakafuni, amempakata binti yake.

"Haikuwa kubanwa kwa siku zote," akasema polepole. "Pumzi yake ilishikwa. Kisha ikaachiwa, kama kamba."

Mke wangu akavuta dawa. Kisha akanigeukia.

"Mbona ulinisimamisha mbele?"



Kuimba si dhambi, ndugu zangu. Aliyetupa koo alijua alichofanya, nami ningali nafundisha. Lakini pendo lenye heri hukurudisha kwa watu wako ukiwa umejaa. Lile jingine huomba mara moja tu, na mara moja tena, hadi liombe pumzi ya mwenzako, nawe ukaitoa ukidhani ni sadaka.

Na jua likizama, vidole hivi hufunguka vyenyewe. Mke wangu huvikunja.

Wewe nawe unacho chako usichoweza kukiacha; nyumbani kwako wanakijua kabla hujakijua wewe. Jioni ya leo, kiweke chini. Mkono ukikataa, usione haya: mwite mtu avikunje vidole pamoja nawe, kimoja kimoja.

Funga mkono. Nenda nyumbani.