Bandama la Komeo

Fundi wa pikipiki alikuwa na jambo moja la kujivunia, na kila mteja alilisikia hata kama hakuuliza. Binti yake alikuwa golikipa wa timu ya shule. Uwanjani walimwita Komeo.

Siku ya nusu fainali Komeo aliruka kudaka mpira, goti la mshambuliaji likamwingia ubavuni kushoto. Mpira hakuuachia, na timu ikaingia fainali. Jioni tumbo lilimuuma, akashikwa na kizunguzungu, akakimbizwa hospitali. Picha ilionyesha kuwa bandama limechanika kidogo.

"Hatulitoi," alisema muuguzi. "Atalazwa tumwangalie. Akirudi nyumbani, hakuna kukimbia wala mpira mpaka daktari aruhusu. Likigongwa tena linaweza kupasuka, akavuja damu ndani kwa ndani."

"Sista, si mlitoe tu yaishe?" alidakia fundi. "Fainali hiyo inakuja. Kwani bandama lina kazi gani?"

Muuguzi akacheka. "Mzee wangu, bila bandama mtu anaweza kuishi, ila maradhi mengine yakimvamia humwangusha upesi sana. Damu hupita humo ikiwa na chembe nyeupe, askari wa mwili. Sasa, mishipa ya bandama si mabomba matupu. Kuta zake zina alama. Askari wanaohitajika huzishika alama hizo, wakasimama, wakapenya ukutani na kuingia vyumba vyao. Humo huonyeshwa vijidudu, wakajifunza kupigana navyo."

"Yaani mshipa wenyewe ndio unawaonyesha pa kuingilia?"

"Ndiyo hivyo. Ndiyo maana tunalihangaikia."

Fundi akauliza binti yake atalazwa siku ngapi.

Wiki ya fainali Komeo alikuwa ameshatoka hospitali, ameketi gereji na baba yake, kocha akawafuata. "Fundi, tupe Komeo wetu. Mbona haumwi tena?"

Komeo alimtazama baba yake kwa macho ya kuomba. Fundi naye fainali ile aliitaka kuliko chakula.

"Daktari hajaruhusu," alisema. "Bandama likipasuka, kocha, utalishona wewe?"

Komeo alilia. Siku ya mechi walikaa jukwaani, baba na binti, wakaona timu yao ikichapwa mawili bila.

Miezi ikapita, picha nyingine ikapigwa. Bandama lilikuwa limepona. Daktari akamruhusu Komeo kurudi golini.

Mpaka leo wateja humchokoza fundi. "Ile fainali si mlifungwa?"

"Mawili!" hujibu kwa sauti, kifua mbele. "Na binti yangu bandama lake analo!"