Gitaa Lililoanikwa Juu ya Meko

Mvua ya Julai mjini Shillong, India, haina haraka ya kwisha. Darihun aliamka ikinyesha, akavaa soksi zenye unyevu, akachochea makaa na kumtengea mama yake chai. Mama aliinywa akiwa amesimama, kisha akatoka kwenda sokoni kuuza tambuu. Jioni angerudi hana hata nguvu ya kuvua viatu. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na uchovu wake. Darihun, mwenye miaka kumi na mitatu, alichoshwa na kusubiri.

Kwa kula na kupokea alitumia mkono wa kulia, kama alivyofunzwa tangu utotoni. Kwenye nyuzi za gitaa, mkono wa kushoto ulikataa amri hiyo, ukataka kupiga wenyewe. Kwa muda mrefu alipiga gitaa la kuazima, lililotengenezwa kwa wanaotumia mkono wa kulia, akiwa amelipindua juu chini, huku vitufe vya sauti vikimkwaruza. Wenzake wa bendi ya shule walimtania kwamba anapiga kama mtu anayekamua ng'ombe upande usio wake.

Ndipo mjomba wake, Teibor, dereva wa lori la viazi, alipomnunulia gitaa la umeme la mkono wa kushoto, la kujiundia mwenyewe. Lilikuja vipande vipande ndani ya boksi: kiwiliwili, shingo, nyaya, vigingi vya kukazia nyuzi na mfuko wa skrubu. Walisaidiana kuzipiga mbao msasa hadi zikawa laini kama shavu, kisha wakapaka vanishi. Kabla ya kurudi barabarani, Mjomba alitundika kiwiliwili na shingo chumbani na kuagiza visiguswe mpaka arudi. Darihun alimkumbusha kwamba tamasha la shule lilikuwa limekaribia. Mjomba alijibu kwamba vanishi haina habari na tamasha.

Kila alipotoka shuleni Darihun aligusa shingo kwa kidole, na kidole kikanata. Jioni moja aliinua macho akauona uchaga wa mianzi ulioning'inia juu ya meko. Wakati wa mvua kila nyumba mtaani kwao ilikaushia vitu pale: samaki, nyama ya nguruwe, mbegu, soksi, hata daftari lililolowa. Hakuwahi kuona kitu kikiharibika juu ya uchaga. Kiwiliwili hakikuenea, lakini shingo ilienea. Akailaza katikati ya samaki, akaenda kulala na moyo mwepesi.

Asubuhi vanishi ilikuwa kavu kweli, ila imetoka malengelenge. Ubao wa kuwekea vidole ulikuwa umebanduka, na shingo yenyewe imepinda kama upinde. Darihun aliifuta masizi, akairudisha kwenye msumari wake, akakaa kitandani. Alitaka kulia, lakini hata kulia kulimshinda.

Mjomba alirudi siku mbili kabla ya tamasha, macho mekundu kwa safari. Aliishika shingo, akaitazama, akauliza kilichotokea. Darihun alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema kwamba gundi ilikuwa mbovu na ubao umebanduka wenyewe. Mjomba hakumhoji zaidi. Aliifunga shingo kwa gazeti, na bila kupumzika wakaenda kwenye duka alikolinunua lile boksi.

Mwenye duka, Lamphrang, alikuwa akiwaonyesha mama mmoja na binti yake gitaa dogo. Mjomba aliweka shingo mezani. Kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi, alisema kwamba yeye hupitisha viazi kwenye matope ya milimani na vikafika vizima, lakini mbao za duka hili zimeshindwa kuning'inia tu chumbani. Yule mama alimnong'oneza binti yake jambo. Gitaa dogo likarudishwa ukutani taratibu, nao wakatoka.

Lamphrang aliwatazama wakipotelea mvuani. Aliigeuza shingo mkononi, akasema atazungumza na waliomuuzia. Akaongeza, "Samahani, kaka."

Ile samahani ndiyo iliyomchoma Darihun.

"Mjomba, usimlaumu," alisema. "Niliianika mimi. Kwenye uchaga, pamoja na samaki."



"Harufu nimeisikia gazeti lilipofunguliwa," alisema Lamphrang. "Nikadhani labda siku hizi mjomba wako anapakia samaki."

"Sasa mbona ulinyamaza ukaniacha nikutukane?" Mjomba aliuliza.

"Wewe umechoka, kaka. Na mtoto niliona bado anatafuta maneno."

Mjomba alivuta kigoda akaketi, akamwomba radhi. Kisha akamtazama Darihun, akaelekeza kidevu mlangoni. Darihun alielewa. Alikimbia bila mwavuli, akawakuta yule mama na bintiye kwenye kona, akaeleza yote huku akihema. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akamsogezea mwavuli, nao wakarudi dukani wote watatu.

Lamphrang aliwafundisha namna ya kukwangua gundi ya zamani, kupaka mpya na kuibana shingo kwenye ubao ulionyooka. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Siku ya tamasha Darihun aliwabebea wenzake nyaya, akawapigia makofi kutoka pembeni, akarudi nyumbani amelowa. Walipiga msasa upya, wakapaka vanishi upya. Safari hii kidole chake kilikaa mbali.

Mvua ilikuwa imeanza kupungua walipofunga nyuzi. Darihun alilipakata gitaa, na kwa mara ya kwanza kila kitu kilikuwa upande wake. Alipiga taratibu. Sauti ilitoka safi, ikajaa jikoni. Mama alikuwa ameegemea ukuta, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mjomba alikuwa amefumba macho, Darihun akadhani amelala.

"Nasikia," alisema Mjomba bila kuyafumbua. "Humu ndani sote tumechoka, mwanangu, na kuchoka si kosa. Hata kuharibu kitu kwa kuchoka kungoja, hilo hurekebishika. Lakini mtu akitua mzigo wake, atazame kwanza anamtwisha nani. Siku ile ulimtwisha Lamphrang, nami nikakusaidia kuunyanyua."

Darihun aliinamisha kichwa.

"Ukautoa mwenyewe kichwani kwake," Mjomba aliendelea. "Ndiyo maana leo naweza kuketi hapa nikakusikiliza. Haya, rudia tena."